Dondoo muhimu: Kulala Tunduma kabla ya kuvuka mpaka

Ukilala Tunduma ili asubuhi uvuke kwenda Nakonde, Zambia, zingatia haya:

1. Omba chumba cha nyuma, mbali na barabara kuu. Malori hunguruma usiku kucha.
2. Kagua kitasa, komeo, chandarua na maji ya moto kabla ya kulipa. Juni na Julai baridi ni kali: omba blanketi la pili.
3. Badili pesa kuwa kwacha ya Zambia benki au kwenye duka la kubadili fedha lenye leseni. Wengi huibiwa wakihesabu pesa barabarani, wamezungukwa na watu.
4. Tenga nauli kabla ya kusogelea mashine za kamari (bonanza); zimeundwa zimnufaishe mwenye mashine.
5. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa 1. Ukikata tiketi ya Lusaka, uliza ni saa ya nchi gani.