Dondoo muhimu: Chapati ibaki, mafuta yapungue

Anayetaka kupunguza uzito mtaani Pioneer, Eldoret, mara nyingi huanza kwa kuapa kwamba hatagusa tena chapati wala nyama choma. Kiapo hicho hakidumu, na wala hakigusi penye tatizo. Itazame chapati ikiwa jikoni: kila kijiko cha mezani cha mafuta kinachozungushwa ukingoni kina takriban kalori 120, yawe ya mahindi au ya alizeti. Yapake kwa brashi badala ya kuyamimina, na chapati itabaki chapati. Kwenye nyama choma, ogopa zaidi mafuta meupe ya pembeni na ule mrundo wa chumvi kwenye ubao. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyomo kwenye mkate na sukuma wiki. Ndimu na kachumbari vinatosha kuleta ladha.

Wapo watakaouliza: mbona wanariadha wetu hula ugali kila siku na hawanenepi? Kweli, utafiti wa 2004 kuhusu wakimbiaji wa Kenya ulionyesha ugali na sukari vikiwapa nishati nyingi, lakini mafuta yalichangia asilimia 13 hivi tu, nao hukimbia asubuhi na jioni. Anayeketi dukani kutwa ale ugali huohuo, ila kipande kidogo, mboga zikijaza nusu ya sahani. Na anayemeza dawa za presha asiziache kwa kuwa uzito umeshuka. Hilo ni la kuamuliwa na daktari.