REGIDESO: NGUVU ILIZOPEWA NA KAZI INAYODAIWA



Katika somo la uraia tuliulizwa swali hili: robine ikikauka, nani anadaiwa? Karibu darasa nzima ilijibu kwa sauti moja: Regideso! Jibu hilo ni nusu ya kweli. Nusu ile ingine haijulikani sana, na kwa hiyo watu wa Kindu wanakasirikia mlango mmoja tu wakati milango iko mingi.

Tuanze na historia kidogo. Regideso iliundwa tarehe 30 Desemba 1939, wakati wa Wabelgiji, ili itumike katika Kongo na Ruanda-Urundi. Zamani ilishika maji na umeme pamoja. Baadaye umeme ulikwenda kwa SNEL, iliyoundwa mwaka 1970, na Regideso ikabaki na maji. Amri ya Raisi ya mwaka 1978 iliandika kazi yake: kuteka maji, kuyasafisha, kuyagawanya na kuyauza, tena kujenga mitambo kwa ajili ya Leta. Mwaka 2009 iligeuzwa kuwa kampuni ya biashara. Lakini mwenye kampuni ni nani? Ni Leta yenyewe, peke yake. Basi Regideso inatakiwa kuhesabu franga kama duka, na kuhudumia watu wote kama hospitali. Mimi naona shida nyingi zinatoka hapo.

Sasa nguvu zake. Inaweza kuteka maji mengi mtoni, jambo ambalo mtu wa kawaida hawezi kulifanya bila ruhusa. Inapitisha mabomba chini ya barabara na kando ya viwanja. Inaweka konteri, inaleta fakitire, na asiyelipa inamkatia. Tena kuna ulinzi wa mahali maji yanapotekwa: Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015, ile tunayoiita sheria ya maji, inataka mipaka mitatu ya ulinzi, wa karibu kabisa, wa kati na wa mbali. Ndani ya ule wa kwanza hakuna kulima, hakuna kufua, hakuna choo. Wengine wanasema ni kuonea maskini. Lakini fikirini: uchafu wa mtu mmoja pale juu unaingia katika vikombe vya mji mzima, na sisi wa Maniema tunajua kipindupindu ni kitu gani.

Lakini kuna jambo moja Regideso haiwezi kulifanya: kujipangia bei ya maji inavyopenda. Bei inasimamiwa na Leta, kwa mkono wa waziri wa uchumi. Watu wengi wanamgombeza mleta fakitire bure, maskini, yeye hakupanga kitu.

Ni vizuri kujua kuisoma hiyo fakitire. Konteri inahesabu kwa meta kibu. Meta kibu moja ni litre 1000, maana yake bidoni 50 za litre 20. Jamaa inayotumia bidoni tano kwa siku inamaliza meta kibu moja kwa siku kumi, yaani tatu kwa mwezi. Fakitire ikisema 30, ama bomba linavuja, ama konteri imesomwa vibaya, ama jirani anachota kwenu usiku! Hapo mteja ana haki ya kuomba konteri iangaliwe.

Na kazi inayodaiwa? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji ya kunywa inalindwa. Haikusema kwa wenye franga tu, wala kwa watu wa katikati ya mji tu. Maji ni kazi ya watu wote, kwa hiyo anayeyagawanya anadaiwa mambo matatu: maji yawe safi, yasikatike ovyo, na wateja wahudumiwe kwa usawa. Ikimkatia mama mjane asiyelipa na kuacha ofisi kubwa isiyolipa, usawa uko wapi? Na jambo hili si hadithi. Kwa miaka mingi ofisi za Leta na kambi za askari zilikuwa na deni kubwa sana kwa Regideso katika inchi nzima. Pampu haiendi kwa maneno, inataka umeme ao mazutu, na maji yanataka dawa. Mdeni mkubwa asipolipa, robine ya mdogo ndiyo inakauka.

Mimi ninayeandika majina ya wachelewaji mlangoni naona wazi: siku za shida ya maji, walio wengi katika orodha ni mabinti. Bidoni moja iliyojaa ina kilo 20, na binti hapeleki moja tu.

Sasa ile nusu ingine ya jibu. Sheria ya 2015 ilifungua mlango: Regideso haiko tena peke yake. Kupanga huduma ya maji kumewekwa mikononi mwa jimbo, na mji, na komini, na sekta. Wao wanaweza kukabidhi kazi kwa Regideso, ao kwa kampuni ingine, ao kwa chama cha watumiaji wenyewe. Huko Kinshasa na Mbuji-Mayi vyama vya namna hii vinaendesha visima na robine za mtaa, na watu wanalipa kwa bidoni. Basi, kama bomba la avenyu yenu limepasuka, nendeni Regideso. Lakini kama mtaa wenu, tuseme ng'ambo kule Alunguli, haujaona bomba hata siku moja, barua iende pia kwa burgumestre na kwa serikali ya jimbo, sababu wao ndio wanaodaiwa mpango. Katika barua andikeni avenyu, hesabu ya nyumba, tangu tarehe gani, na mnachota wapi sasa. Kopi moja ibaki kwenu, na ile ya kwanza wapige muhuri wa kupokea.

Ndugu mmoja wa mwaka wa tatu ameniuliza kama kisima cha baba yake ni mali ya Leta. Shimo na ukuta wake ni vya baba. Maji ya chini ni ya taifa lote, lakini kuyachota kwa ndoo kwa kazi ya nyumba hakuombewi ruhusa. Akitaka kuweka pampu kubwa na kuuza maji kwa mtaa mzima, hapo sharti aende kuomba.