Mchango, Ruzuku na Stahiki: Msamiati wa Kugharamia Shule za Umma katika Mkoa wa Songwe

Ikisiri

Makala hii inachunguza maneno yanayotumika kueleza namna shule za umma zinavyogharamiwa, kwa kuangalia hali ya Tunduma na Mkoa wa Songwe. Hoja ya msingi ni kwamba msamiati huu umewageuza wahusika: kinachodaiwa kwa lazima huitwa mchango, na kilicho haki ya mwanafunzi huitwa ruzuku. Inapendekezwa kuwa mjadala juu ya usawa na utoshelevu wa fedha za shule uanze kwa kulipa kila jambo jina linalolistahili.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Una wilaya za Ileje, Mbozi, Momba na Songwe, pamoja na Halmashauri ya Mji wa Tunduma iliyoko mpakani na Zambia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 1,300,000 mkoani, na zaidi ya 200,000 kati yao walikuwa Tunduma, mji uliokuzwa na barabara kuu iendayo Lusaka, reli ya TAZARA na biashara ya mpakani. Wakazi wa mkoa ni Wanyamwanga, ambao wako pande zote mbili za mpaka, Wanyiha, Wandali, Wawanda, Wabungu na wengineo, mbali na wahamiaji kutoka kila pembe ya nchi. Katika mazingira kama haya, mkutano wa wazazi hauna budi kuendeshwa kwa Kiswahili. Aghalabu maneno yahusuyo fedha za shule humfikia mzazi kutoka kwenye waraka wa serikali, yakiwa tayari yamebeba mtazamo wa aliyeuandika.

2.0 Historia kwa Ufupi

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliweka lengo la elimu ya msingi kwa wote ifikapo mwaka 1977. Hali ngumu ya uchumi iliyofuata ilileta sera ya kuchangia gharama: ada za sekondari zilirejeshwa katikati ya miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 wazazi wa shule za msingi nao walitozwa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002, ulifuta ada za shule za msingi na kuweka ruzuku ya dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliendeleza ufutaji huo hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ada za kidato cha tano na cha sita zikafutwa. Mwaka huohuo Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, nayo ilifuta ada katika shule zake za umma hadi sekondari.

Nyaraka hutumia maneno "bila malipo", lakini watu husema "elimu bure". Tofauti si ndogo. Neno "bure" lina maana ya kisicholipiwa na pia maana ya kisichofaa au kilichopotea, kama katika "kazi bure" na "mtu bure". Mtoto asiyepata dawati wala kitabu hukutana na maana zote mbili kwa pamoja.

3.0 Mchango

Nomino "mchango" inatokana na kitenzi "changa", ambacho maana yake ni kila mmoja kutoa sehemu yake ili jambo la wote lifanyike. Ni tendo la hiari na la ujirani, kama inavyofanyika katika harusi na misiba. Methali isemayo mkono mmoja haulei mwana inaeleza maadili hayohayo. Hata hivyo, methali hiyo haisemi kila mkono utoe kiasi gani, wala mkono usio na kitu ufanyweje. Tazama sentensi zifuatazo:

(1) Wazazi wamechanga fedha.
(2) Wazazi wamechangia ujenzi wa darasa.
(3) Kamati imewachangisha wazazi.
(4) Wazazi wamechangishwa.

Katika (1) na (2) mzazi ndiye mtenda. Katika (3) kauli ya kutendesha inamleta mtenda mwingine, na mzazi anakuwa yambwa. Katika (4) mzazi amerudi kwenye nafasi ya kiima, lakini kama mtendwa tu, na aliyemchangisha ametoweka. Lugha ya taarifa hupendelea (2). Lugha ya mzazi aliyedaiwa ni (4). Tofauti kati ya sentensi hizi mbili ndiyo tofauti kati ya hiari na kodi. Malipo yenye kiwango, tarehe ya mwisho na adhabu ya mtoto kurudishwa nyumbani hayawezi kuitwa mchango kwa sababu tu ya jina lake. Ni kodi isiyopitishwa na chombo chochote cha kutunga sheria, na humwelemea zaidi maskini, kwa kuwa mchuuzi wa mpakani na mwenye malori hudaiwa kiwango kimoja. Amri ya Rais ya Januari 2018, iliyowakataza walimu kukusanya michango, ilikuwa ni kukiri kwamba neno hili lilikuwa limeacha maana yake ya asili.

Neno "boma" limepitia mabadiliko ya namna hiyo. Zamani lilikuwa ua au ngome. Wakati wa ukoloni likawa ofisi ya mtawala wa wilaya. Leo "maboma ya madarasa" ni kuta zilizoinuliwa kwa nguvu za wananchi zikisubiri serikali izipaue na kuzikamilisha. Kijiji chenye uwezo hufikisha boma mapema na kuwa na hoja ya kuombea fedha. Kijiji kisicho na uwezo hakina hata boma la kuonyesha.

4.0 Ruzuku

"Ruzuku" na "riziki" ni maneno ya asili moja ya Kiarabu. Kitenzi "ruzuku" kiima chake cha kawaida ni Mwenyezi Mungu, naye huruzuku amtakaye. Kwa hiyo neno hili linabeba dhana ya fadhila: mpokeaji hushukuru, hadai. Ikumbukwe kuwa katika lugha hiyohiyo ya utawala malipo ambayo mwalimu anaidai serikali huitwa "stahiki". Stahiki huweza kucheleweshwa, lakini deni lake hubaki. Ruzuku ikichelewa au ikipungua, hakuna neno linalomfanya mtoto kuwa mdai.

Hata Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, inazungumzia haki ya "kujielimisha", yaani kitenzi chenye kirejeshi, ambamo mwanafunzi ni mtenda na mtendwa. Serikali inaingia katika kifungu kinachofuata, nayo inatakiwa kufanya jitihada ili watu wote wapate fursa sawa na ya kutosha. Ibara ya 7 inazuia mahakama kusimamia utekelezaji wa masharti hayo.

5.0 Sawa na Haki

Wakati wa MMEM dola moja ilikuwa karibu na shilingi 1,000, na dola 10 zikawa shilingi 10,000. Mwaka 2016 dola ilikuwa imezidi shilingi 2,100, lakini kiwango kilichotumika kilikuwa bado shilingi 10,000. Kati ya hizo, 4,000 zilibaki serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 zilipelekwa shuleni, sawa na shilingi 500 kwa mwanafunzi kwa mwezi. Idadi haikubadilika, thamani ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu ikipimwa kwa dola.

Zaidi ya hayo, kiwango kilicho sawa si lazima kiwe cha haki. Chukua mfano wa shule ya wanafunzi 150 katika Wilaya ya Momba: kwa hesabu hiyo hupata shilingi 75,000 kwa mwezi, na humohumo itoke chaki, karatasi za mitihani, matengenezo na nauli ya mwalimu mkuu kwenda makao ya halmashauri, Chitete. Shule ya wanafunzi 2,000 mjini Tunduma hupata shilingi 1,000,000, lakini tatizo lake kubwa ni vyumba, na fedha hizo hazijengi madarasa. Moja inaumizwa na udogo na umbali, nyingine na msongamano. Fedha za kukabiliana na athari za UVIKO-19, zilizojenga madarasa 15,000 nchini kuanzia mwaka 2021, zilionyesha kuwa serikali ikiamua huweza kujenga bila kumngoja mwananchi ainue boma. Lakini mkopo wa dharura si utaratibu wa kudumu.

6.0 Hitimisho

Kubadili neno hakujazi sanduku la shule. Hata hivyo, jambo lisilo na jina sahihi ni vigumu kulidai. Inapendekezwa kuwa fedha zipelekwazo kwa kila mwanafunzi ziitwe stahiki ya mwanafunzi; kiwango chake kizingatie kupanda kwa bei, ukubwa wa shule na umbali wake; na kiasi kilichostahili kiandikwe kwenye mbao za matangazo kando ya kiasi kilichopokelewa. Neno "mchango" libakie kwa kile kitolewacho kwa hiari, na kila kinachodaiwa kwa lazima kiitwe tozo, ili aliyekiweka ajulikane na aulizwe. Hapo mzazi wa Tunduma ataweza kusema "tunadai" pale ambapo kwa miaka mingi amesema "tumechangishwa".