Somo: Lori la Mafuta Likipinduka

Barabara ya Tanga kwenda Segera yapita hapa Pongwe, na malori ya mafuta huipita. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakimbilia kuchota petroli. Moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100.

Sababu ni hii: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka ukutane na cheche.

Basi, ajali ikitokea:
1. Kaeni mbali, upande unakotoka upepo.
2. Zimeni majiko na sigara.
3. Wapigieni Zimamoto, namba 114, bila malipo.
4. Msimwage maji, petroli huelea juu yake.

Wafundisheni watoto: ndoo ya petroli hainunui roho.

Swali: Yakobo 3:5 yatuonya nini?