Vumbi la Kiangazi Lina Umeme

Msomaji akipita Nchiru, kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, mwezi wa Agosti, ataona vumbi limetanda juu ya migomba na nguo zilizoanikwa. Ukizikung'uta nguo, ile ya nailoni hushika vumbi tena upesi kuliko ya pamba.

Sababu ni umeme. Upepo unapopeperusha vumbi, chembechembe zake hugongana na kusuguana. Mara nyingi zile ndogo hubaki na chaji hasi, na kubwa zikawa na chaji chanya. Ndogo hupanda, kubwa hubaki chini. Ndiyo maana ndani ya kile kimbunga kidogo cha vumbi ambacho watoto hupenda kukikimbiza, umeme unaweza kufika maelfu ya volti kwa kila mita, ilhali siku tulivu huwa kama volti 100 hivi. Umeme huo haumpigi mtu shoti. Madhara yake ni mengine.

Chembe kubwa hunaswa puani na kooni. Zile ambazo upana wake haufiki maikromita 2.5 (maikromita 1 ni sehemu ya elfu ya milimita) huingia ndani kabisa ya mapafu. Nyingine hutoka tena na pumzi, lakini yenye chaji hunata kwa urahisi zaidi. Chukua kalamu ya plastiki, isugue kwenye nywele, kisha isogeze karibu na vipande vya karatasi. Karatasi haina chaji, lakini huvutwa. Ndivyo chembe ya vumbi inavyovutana na ukuta wa njia ya hewa. Mwenye pumu huanza kukohoa na kubanwa kifua.

Kwa hiyo nyunyiza maji kabla ya kufagia, na upanguse meza kwa kitambaa kilicholowa. Kitambaa kikavu huongeza chaji, na vumbi hurudi palepale.

Barakoa za aina ya N95 hutumia umeme huohuo kwa faida yetu: nyuzi zake zimetiwa chaji ili zinase vumbi. Ukiifua kwa sabuni, chaji hupotea, nayo huonekana safi lakini haikukingi vizuri.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni hili. Mtoto mwenye pumu huvuta dawa ya inhela kupitia chupa maalumu ya plastiki. Chupa hiyo ikiwa mpya, au ikipanguswa kwa kitambaa, huwa na chaji, na dawa hunata ukutani mwake badala ya kufika kifuani. Mama hudhani dawa imeisha nguvu! Mara moja kwa mwezi, ioshe kwa maji vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo. Usiisuuze ndani wala usiipanguse. Safisha tu sehemu inayotiwa mdomoni, kisha uiache ikauke yenyewe.