Miwani au Leza: Ya Kujua Kabla ya Kulipia Macho

Somo la leo limetokana na swali ambalo ndugu zetu wanaoishi huku Bustan wanatuuliza kila mara, hasa madereva, walinzi na wafanyakazi wa hoteli: "Nimeona tangazo la kuondoa miwani kwa leza. Inafaa kweli, au nitapoteza pesa zangu?"

Jibu linategemea jicho lako, kazi yako na mfuko wako, kwa mpango huo. Wapo waliofanya wakafurahi sana. Wapo walioambiwa na daktari wasifanye, wakanuna, na kumbe aliwaokoa. Soma mpaka mwisho kabla hujaweka amana popote.

Tuanze na jicho lenyewe. Ukipita kwenye mzunguko wa barabara wa Bustan, pale lilipowekwa jahazi la Sohar, lile lililojengwa Sur na kusafiri kutoka Maskati mpaka China mwaka 1980 na 1981, simama mahali salama pembeni. Vua miwani, ziba jicho moja, utazame kamba na milingoti. Kisha ziba la pili. Kama unaona umbo la jahazi lakini kamba zimeyeyuka kama zimemwagiwa maji, na ukivaa miwani zinarudi, basi tatizo lako ni la kutoona mbali. Mwanga unaingia kupitia konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, halafu unapita kwenye lenzi ya ndani mpaka kwenye retina iliyo nyuma. Jicho likiwa refu kupita kiasi, au konea ikiwa imebinuka sana, picha inaangukia mbele ya retina badala ya juu yake. Miwani inaupinda mwanga kabla haujaingia. Leza inafanya kazi hiyohiyo kwa kuchonga konea yenyewe, ikiondoa tabaka nyembamba sana mpaka umbo lake libadilike.

Kumbuka hapo: inachongwa konea tu. Leza ya kuondoa miwani haiondoi mtoto wa jicho, haitibu presha ya macho, na haizuii macho kuzeeka. Tunasema hivi kwa sababu wapo wanaotaka kumlipia mzazi aliye nyumbani "leza" wakati anachohitaji mzee ni upasuaji wa mtoto wa jicho, ambao ni kitu kingine kabisa.

Na kuzeeka kwa macho kunakuja kwa kila mtu. Baada ya miaka 40 hivi, lenzi ya ndani inakuwa ngumu na maandishi ya karibu yanaanza kukimbia: unaisogeza simu mbali ili usome. Aliyefanyiwa leza akiwa na miaka 25 ataona mbali vizuri, lakini akifika umri huo atatafuta miwani ya kusomea kama wenzake. Ukiwa na miaka 43 leo na unaona mbali kwa shida, fikiri mara mbili. Huenda sasa hivi ukivua miwani unaweza kusoma Kurani au meseji bila taabu. Baada ya leza, uwezo huo wa kusoma bila miwani unaweza kupotea. Unabadilisha miwani ya mbali kwa miwani ya karibu, na umelipia. Kwa kijana wa miaka 22 mambo ni tofauti, ila naye ana sharti lake: namba ya miwani iwe imetulia kwa mwaka mmoja angalau. Namba inayopanda kila ukipima itaendelea kupanda hata baada ya kuchonga. Chini ya miaka 18 usifanye. Mjamzito na anayenyonyesha nao wangoje, kwa sababu namba zao zinaweza kuyumba. Na mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa hali yake ni hiyohiyo, sukari ikipanda na kushuka namba nayo inacheza.

Sasa hesabu kidogo, chukua kalamu. Konea ya kawaida ina unene wa maikroni 540 hivi, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Katika upasuaji uitwao LASIK, daktari hukata kwanza kifuniko chembamba cha maikroni kama 110, akakifunua kama ukurasa wa kitabu, leza ikachonga chini yake, kisha akakirudisha. Kila namba moja ya miwani inakula maikroni 14 hivi. Mwenye namba 4: nne mara 14 ni 56. Toa 110 na 56 kwenye 540, zinabaki 374. Hapo pana nafasi. Mwingine ana namba 8 na konea yake ni nyembamba, maikroni 490. Nane mara 14 ni 112. Ukitoa na kifuniko zinabaki 268. Kiwango cha chini kinachotajwa siku nyingi ni 250, na madaktari wengi hupenda zibaki 300 au zaidi. Huyu wa pili akiambiwa "hapana", asiende kutafuta kliniki ya pili itakayosema "ndiyo" kwa bei nafuu. Konea iliyochongwa mno inaweza kulegea na kuvimba kwenda mbele, na hakuna leza ya kuirudisha.

Kuna watu ambao konea zao zinalegea hivyo hata bila kuguswa. Ugonjwa huo unaitwa keratokonasi: konea inakuwa nyembamba na kuchongoka kama koni. Unaonekana zaidi katika nchi za joto na vumbi za Mashariki ya Kati kuliko Ulaya ya kaskazini, na unahusishwa sana na kusugua macho. Wengi wetu tumekulia katika vumbi, na macho ya kuwasha tangu utotoni, na mkono hautulii. Basi jiulize: namba yako imebadilika mara nyingi ndani ya miaka michache? Hata ukivaa miwani mpya, herufi bado zina kivuli? Kuna mtu katika ukoo mwenye ugonjwa huu? Mwambie daktari. Kipimo kinachoonyesha ni ramani ya konea, picha ya rangi inayopigwa kwa mashine bila kukugusa. Kliniki ikikupangia tarehe ya upasuaji bila kukupiga ramani hiyo, ondoka. Tunalisema hili bila kumung'unya maneno. Mwenye keratokonasi akifanyiwa LASIK anaweza kuharibikiwa vibaya, lakini ikigunduliwa mapema kuna tiba ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga maalumu, ili ugonjwa usimame hapo ulipo. Kwa hiyo kipimo kilichokukatisha tamaa ya leza kinaweza kuwa ndicho kilichokuokolea macho.

Jambo jingine linawahusu waliotoka sehemu zenye ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, kama Dodoma, Turkana au Karamoja. Oman ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 kuwa imeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii, ikawa nchi ya kwanza. Ni sifa njema, lakini maana yake daktari kijana hapa huenda hajakutana nao mara nyingi. Kama uliwahi kuugua, au kope zimewahi kuota kwa ndani, taja mwenyewe usingoje kuulizwa. Makovu ya ndani ya kope yanakausha jicho.

Na ukavu ndio malalamiko makubwa baada ya leza. Kukata kifuniko kunakata pia mishipa midogo ya fahamu inayoliambia jicho litoe machozi. Kwa wengi inapona ndani ya miezi kadhaa. Wachache wanabaki nayo. Shirika la Marekani linalosimamia dawa lilifuatilia waliofanyiwa LASIK katika utafiti uitwao PROWL. Zaidi ya asilimia 95 waliridhika na uoni wao. Hilo ni kubwa. Lakini miongoni mwa wale ambao hawakuwa na dalili za macho makavu kabla, mpaka asilimia 28 walikuwa nazo miezi 3 baadaye. Na miongoni mwa wale ambao hawakuwa wakiona duara za mwanga, mng'aro au vivuli, mpaka asilimia 46 walianza kuona angalau kimojawapo. Waliopata shida kubwa ya kufanya shughuli zao walikuwa chini ya asilimia moja.

Zitazame namba hizo ukiwa Bustan. Mchana jua linapiga kwenye majabali na kurudi usoni, upepo wa bahari una chumvi, ndani kiyoyozi kinavuma tangu asubuhi mpaka usiku. Jicho lililo kavu kidogo kwingine, hapa litakuwa kavu sana. Kama tayari unatumia matone, au macho yanachoma jioni, omba kipimo cha machozi kabla ya lolote. Na wewe dereva unayepanda mlima usiku kwenda Wadi Kabir na Ruwi, kila taa inayokuja kwenye kona ikiwa na duara kama mwezi wa mawingu, miezi ya mwanzo itakuwa migumu. Muulize daktari upana wa mboni yako gizani, na umwambie wazi kwamba unaendesha usiku. Kama mkataba wako ni wa zamu za usiku tu, sisi tungekuambia subiri mpaka upate likizo ndefu.

Kazi yako inaamua pia aina ya leza. Kifuniko cha LASIK kinaweza kusogezwa na pigo la jicho hata muda mrefu baadaye. Mlinzi, mpiga ngumi, au anayebeba vyuma mjengoni anaweza kushauriwa PRK, ambayo haina kifuniko: ngozi ya juu kabisa ya konea inaondolewa na kuota tena yenyewe. Inauma siku chache, uoni unachelewa wiki moja au zaidi kutulia, na miwani ya jua ni lazima kwa miezi, maana jua kali linaweza kuleta ukungu kwenye konea. Kwa LASIK wengi wanarudi kazini baada ya siku mbili tatu. Kwa zote mbili, maji ya bomba yasiingie jichoni siku za mwanzo, bahari na wanja vikae kando kwa wiki kadhaa. Suala la kutawadha muulize daktari siku ngapi, kisha muulize shekhe wako utafanyaje siku hizo. Uliza mapema, usingoje adhana.

Pesa. Chukua karatasi, ugawe mara mbili. Upande mmoja andika miwani: tuseme jozi ya riali 25 kila miaka miwili, kwa miaka 10 ni riali 125. Hiyo ni namba ya kufanyia hesabu tu, weka yako. Upande wa pili andika bei uliyotajiwa, halafu uliza: ni ya macho yote mawili au jicho moja? Neno "kuanzia" kwenye tangazo lina maana gani kwa namba yangu? Vipimo, matone na ziara za baadaye vimo? Namba ikirudi, kuchonga tena ni bure au nalipa? Ongeza siku utakazokosa mshahara. Bima nyingi huihesabu leza kuwa hiari, kwa hiyo usitegemee. Ukiangalia pesa peke yake, miwani hushinda karibu kila mara. Leza unainunua kwa raha: kuamka na kuona saa ukutani, kutotokwa na ukungu kwenye vioo kila ukitoka kwenye kiyoyozi kuingia jotoni. Raha hiyo ina thamani, na ni halali yako kuitaka. Lakini usiikopee. Mkataba wa kazi ukikatika, deni linabaki, na deni lisilolipwa linaweza kukuzuia hata kusafiri kurudi nyumbani.

Kama unataka leza kwa kudhani leseni ya gari au kazi itakataliwa kwa sababu ya miwani, uliza kwanza kwa maandishi. Kazi nyingi zinataka uone, haziulizi unaonaje.

Ukiamua kwenda kupimwa, acha lenzi za kuvaa jichoni mapema: zile laini wiki moja mpaka mbili kabla, zile ngumu wiki tatu au nne au zaidi, kwani zinaikandamiza konea na kudanganya mashine. Beba miwani ya zamani ili waone namba ilivyokuwa. Maneno machache ya Kiarabu yatakusaidia: nadhara ni miwani, qatra ni matone, qarniya ni konea, jafaf ni ukavu, taqrir ni ripoti. Hiyo taqrir iombe hata kama hukufanyiwa kitu, na ukifanyiwa omba vipimo vyote vya kabla na baada. Vipige picha, umtumie na mtu wa nyumbani avitunze. Baada ya leza, kipimo cha presha ya macho husoma chini kuliko ukweli, na siku ukihitaji kuwekewa lenzi ya mtoto wa jicho, hesabu ya lenzi hiyo huwa ngumu bila namba za zamani. Daktari atakayekuona miaka 25 ijayo, awe CCBRT Dar es Salaam au Kikuyu nchini Kenya, ataitafuta karatasi hiyo.

Siku ya vipimo utatiwa matone ya kupanua mboni. Kwa saa kadhaa mwanga utakuumiza na hutaweza kusoma vizuri. Usiende na gari lako. Chukua miwani ya jua, na mtu wa kukurudisha Bustan.