Rafiki wa Ng'ambo: Unatafuta Ndugu au Mfadhili?



Wapendwa vijana, somo letu la leo linahusu kitu ambacho wengi wenu mmeshakiona kwenye makundi ya WhatsApp ya chuo au ya parokia: matangazo ya mabadilishano ya vijana kwa njia ya mtandao. Unajaza fomu, unapangiwa kikundi, halafu kwa wiki kadhaa unakutana kwenye skrini na vijana wa Italia, Moroko au Brazili. Hakuna pasipoti wala tiketi ya ndege. Ni bando lako tu na muda wako.

Ni jambo jema, na nitaeleza kwa nini. Lakini kuna swali ambalo kila anayejaza fomu ile inafaa ajiulize mbele ya Mungu: namtafuta nani kule? Maana tuseme ukweli, kwetu mtu akipata rafiki Mzungu, swali la kwanza la majirani ni "Atakupeleka lini?" Na mara nyingi swali hilo liko moyoni mwetu hata kabla majirani hawajauliza.

1. Programu hizi ni nini hasa?

Tusizichanganye na kuchati. Kuchati ni kukutana na yeyote, wakati wowote, kwa lolote. Mabadilishano haya yana utaratibu wake. Kikundi ni kidogo, watu ni walewale kila wiki, mada imepangwa, na kuna mwezeshaji anayehakikisha kila mmoja anapata nafasi ya kusema.

Shirika la Soliya lilianza mwaka 2003, wakati chuki kati ya nchi za Magharibi na nchi za Kiislamu ilikuwa kali, likawaweka wanafunzi wa pande hizo mbili kwenye mazungumzo ya namna hii. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulianzisha mpango wake chini ya Erasmus+, kwa vijana wa Ulaya na wa nchi za kusini mwa bahari ya Mediteranea. Baadaye mpango huo ukafunguliwa pia kwa Afrika kusini mwa Sahara. Kwa hiyo tangazo lile unaloliona kwenye simu halikushuka toka hewani.

2. Kanisa nalo limeketi kwenye skrini

Tarehe 24 Februari 2022, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alizungumza kwa njia ya mtandao na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Amerika ya Kaskazini, Kati na Kusini. Mkutano huo uliandaliwa na Chuo Kikuu cha Loyola cha Chicago na kuitwa Kujenga Madaraja. Hebu itazame tarehe hiyo tena. Ndiyo siku ambayo Urusi iliivamia Ukraine. Siku mizinga inaanza kulia, mzee wa miaka 85 ameketi mbele ya kamera anawasikiliza vijana wakizungumza juu ya wahamiaji.

Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo, Sherehe ya Watakatifu Wote, ikawa zamu ya wanafunzi wa Afrika. Mtandao wa Kikatoliki wa Teolojia na Uchungaji Barani Afrika ulikuwa miongoni mwa waandaaji. Kanisa lilikuwa limeingia katika safari ya Sinodi, na utaratibu wa siku hiyo ulifuata roho hiyohiyo: vijana wanazungumza, Papa anasikiliza, ndipo anajibu. Hawakuitwa kupokea msaada. Waliitwa kusema wanachokiona katika bara lao.

3. Aristotle na chumvi

Katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, Aristotle anagawa urafiki mara tatu. Upo urafiki wa faida: nakupenda kwa sababu ya kile ninachopata kwako. Upo wa raha: nakupenda kwa sababu unanichekesha, tukiwa wote muda unakwenda. Na upo urafiki wa wema, ambapo nakutakia mema wewe mwenyewe, kwa ajili yako. Huo wa kwanza na wa pili hauna maisha marefu. Faida ikikauka, rafiki naye anapotea.

Sasa mtazame kijana anayeingia kwenye kikundi cha mtandaoni akiwa ameshapanga kichwani nani ataombwa ada, nani simu, nani barua ya mwaliko. Hamsikilizi mwenzake. Anampima. Yule msichana wa Ujerumani akieleza kwamba ana huzuni kwa sababu wazazi wake wametengana, huyu anasubiri amalize ili aingize shida yake. Ndugu yangu, huo si urafiki hata kidogo. Ni uvuvi.

Tuwe wa haki pia: kosa hili lina upande wa pili. Wapo vijana wa ng'ambo wanaokuja wakitafuta Mwafrika wa kuhurumiwa. Ukiwaambia unasoma sheria na unashangilia Simba au Yanga, wanakosa la kusema, kwa sababu wao walikuja na picha ya mtoto mwenye njaa. Mmoja anatafuta mfadhili, mwingine anatafuta maskini. Wanaonana kila Jumatano saa mbili usiku, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Aristotle anaongeza kwamba watu hawajuani mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. Sisi Waswahili tunaielewa hiyo haraka, maana mtu aliyeishi miaka mingi tunasema amekula chumvi nyingi. Urafiki unataka muda. Wiki sita za skrini zinatosha kuonja tu.

4. Tujifunze kisimani

Fungua Injili ya Yohane sura ya 4. Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana. Yesu amechoka, ameketi kisimani, anakuja mwanamke Msamaria. Yesu anaanzaje? Angeweza kuanza kwa kutoa, maana ana maji ya uzima. Lakini anaanza kwa kuomba maji ya kunywa. Anajiweka katika nafasi ya mhitaji ili yule mama awe na kitu cha kutoa.

Hapa kuna funzo la pande zote mbili. Kijana wa ng'ambo ajifunze kuomba: nifundishe, nieleze, nisaidie kuelewa. Na wewe wa Mbeya, Kitui au Bukavu ujue kwamba una maji. Petro alimwambia yule kiwete pale hekaluni kwamba hana fedha wala dhahabu, ila alichonacho atampa (Mdo 3:6). Wewe una nini? Una imani inayosaliwa katika jumuiya ndogo ndogo. Unajua msiba unavyobebwa na mtaa mzima. Umezoea kuishi jirani na Waislamu, kualikana Idi na Krismasi. Kwa mwenzako, haya yanaweza kuwa mageni kabisa. Usiyaache nje ya mlango ukadhani anataka kusikia shida tu.

Lakini kutoa huenda pamoja na kusikiliza. Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, yaani Edith Stein, mwaka 1916 alitetea tasnifu yake ya udaktari wa falsafa juu ya namna tunavyoyatambua maisha ya ndani ya mwenzetu. Kwa lugha nyepesi: maumivu yako nayatambua kweli, lakini yanabaki kuwa yako, hayageuki kuwa yangu. Kwa hiyo tusikimbilie kusema "nakuelewa kabisa." Uliza kwanza. Halafu uliza tena.

5. Skrini ina mwisho wake

Katika waraka wa Fratelli tutti, yaani Wote ni ndugu, wa mwaka 2020, Papa Fransisko anakumbusha kwamba mawasiliano ya kidijitali hukosa mengi ya mwili: ukimya, ishara za uso, hata harufu. Na mwandishi wa Waraka wa Pili wa Yohane, aya ya 12, alikuwa na mengi ya kuandika, lakini akaacha karatasi na wino, akatumaini kufika na kuzungumza ana kwa ana ili furaha ikamilike. Karatasi na wino ndivyo vilikuwa teknolojia yake. Alivitumia, akajua vinaishia wapi.

Kule Samaria nako, mazungumzo ya kisimani yalimfikisha Yesu kukaa na watu wa mji ule siku mbili. Kwa hiyo kipimo cha programu hizi ni hiki: je, zinakufanya ukae vizuri zaidi na watu? Kama unamvumilia Mfaransa kwa saa nzima huku humsalimii jirani yako wa dini nyingine, bado hujafika.

6. Kwa vitendo

- Kabla ya kuingia, sali kidogo na useme nia yako mbele ya Mungu. Kama ni fedha tu, iseme hivyohivyo, umwombe akusafishe.
- Usijifanye tajiri, usijifanye maskini kuliko ulivyo. Uongo wa huruma nao ni uongo.
- Linda usalama wako. Anayekuomba hela ya kushughulikia viza, au picha za faragha, huyo ni tapeli. Mwambie mzazi au mlezi wako.
- Wakumbuke wasio na bando. Mkiwa na laptopu moja parokiani, keteni watano mbele yake.

Maswali ya kutafakari

1. Nikiwa na marafiki wa mbali, nawapenda kwa faida, kwa raha, au kwa ajili yao wenyewe?
2. Nina "maji" gani ambayo mwenzangu wa ng'ambo hana?
3. Ni nani hapa karibu, asiye wa kabila au dini yangu, ambaye bado sijamsikiliza?

Sala

Bwana Yesu, uliyechoka ukaketi kisimani, ukamwomba maji mtu ambaye wenzako walimkwepa, utufundishe kuomba bila kunyanyasika na kutoa bila kujivuna. Uondoe machoni petu picha tulizochorewa juu ya wengine. Tunaoanza kuonana kwenye skrini, utujalie siku moja tuketi meza moja, kama si hapa duniani basi kwako mbinguni. Amina.